Kofia za Jua kwa Watu wa Ndani

Swali lililoninyima usingizi majira yale ya joto lilikuwa hili: mkalimani akitafsiri kila neno sawasawa, asipunguze wala asiongeze, na bado msemaji asieleweke, kosa ni la nani? Niligeuza mto upande wa baridi, nikaligeuza na swali pamoja nao. La msemaji, aliyezunguka mno? La msikilizaji, ambaye hakuuliza zaidi? Au la yule aliyekaa katikati na ulimi wake wa kukodishwa? Nikifika hapo nilianza kujishuku hata kwa kuuliza. Labda kutafuta mwenye kosa ilikuwa njia yangu ya kukwepa swali lililojificha nyuma yake, dogo na baya zaidi: haya mambo yananihusu?

Nieleze kwanza nilivyofika hapo katikati. Nilikuwa nimemaliza shahada ya historia kule Richardson, na kwa miezi kadhaa nilituma maombi ya kazi kila mahali, nikiyasoma upya baada ya kuyatuma, wakati hayarudishiki tena. Mama mdogo, aliyenilea tangu tulipofika Texas kutoka Mwanza, alichoka kuniona nikizunguka sebuleni. Yeye alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, karibu na Haltom City, na alisikia kwamba ofisi inatafuta mtu anayejua Kiswahili na Kiingereza.

"Wewe si unavijua vyote viwili na hulali?" alisema. "Nenda ukachokee huko."

Wengi wa wafanyakazi walikuwa wametoka Kongo na Burundi kupitia makambi ya wakimbizi. Wachache tulitoka Tanzania na Kenya. Kila mmoja alikuja na Kiswahili chake, na kwenye meza za kukunjia mashuka vilikunjwa vyote pamoja. Mimi nilikaa ofisini, kwenye kiyoyozi. Nilitafsiri maelekezo ya usalama, nikawapigia simu wasiofika kazini, na mtu alipoitwa na meneja nilikaa pembeni ya meneja kugeuza maneno. Pembeni ya meneja. Hicho ndicho kilikuwa kiti changu, na sikukitafakari hata kidogo, mimi ambaye hutafakari hata namna ya kuaga kwenye simu.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Natamani angekuwa mbaya kidogo, ingenirahisishia. Alijua majina ya watoto wa watu, alileta donati siku za Ijumaa, na aliwahi kuniambia kwamba makao makuu kule Plano yalihitaji mtu katika idara ya mafunzo. Neno lake, alisema, lingetosha kunifungulia mlango. Plano! Mama mdogo aliwatangazia wanakwaya wenzake kabla sijamaliza kumsimulia. Kwake Plano ndiyo ilikuwa sababu ya mambo yote: ndege, baridi ya mwaka wa kwanza, magoti yake yanayouma. Alinikunjia Plano moyoni mwake kama nguo ya Krismasi.

Kisha mwezi wa sita ukaingia na joto lake. Feni kubwa zilizokuwa nyuma ya mashine za kukaushia zilikuwa zimekufa tangu majira ya baridi, na wakati wa baridi nani hulalamikia feni? Yale mapumziko mafupi ya kunywa maji, moja kabla ya chakula cha mchana na moja baada yake, yalikuwa yameondolewa kwa sababu hospitali zilikuwa zimeongeza kazi. Mama mmoja wa Kirundi akaanguka katikati ya mikokoteni ya mashuka. Alimwagiwa maji, akakaa, akarudi kazini kesho yake. Lakini watu walianza kuongea kwa sauti ya chini, na mwishowe wakakubaliana waende kwa meneja pamoja.

Wakamchagua Papa. Ndivyo sote tulivyomwita yule mzee wa Kikongo aliyesukuma mikokoteni, mtu mrefu mwenye sauti ya kanisani, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akigombana. Hakuna hata mmoja aliyewaza kumchagua mtu mwingine. Kwa mkubwa hupelekwa mkubwa.

Tulikutana kantini. Wao upande mmoja wa meza, meneja upande wa pili, na mimi kando yake.

"Patron," Papa alianza, akiwa amesimama, "tunakusalimia sana. Bibi iko muzuri? Batoto je?"

Nikatafsiri. Meneja akasema wote wazima.

"Na mama yako, mwenye alifanyiwa operesheni ya goti?"

Mama naye alikuwa anaendelea vizuri, ameanza kutembea. Papa akamshukuru Mungu kwa ajili ya goti lile. Akashukuru kwa kazi. Akaeleza walivyofika nchi hii bila kitu, na jinsi kiwanda hiki kilivyowapokea kama baba anavyopokea wageni. Halafu akateremsha sauti.

"Jua ya hapa iko kali, patron. Kali sana. Sisi tuko batu ba kazi, hatukatae kazi. Lakini jua iko kali."

Akakaa.

Kila mtu wa upande wao alielewa kwamba ameshasema. Kwetu humwagi shida yako usoni mwa mkubwa kama ndoo ya maji. Unabisha hodi tu, kisha unangoja yeye aulize: jua kali? Na huko mnakofanyia kazi kukoje? Hapo ndipo unaingia na mzigo wako. Papa alikuwa amebisha hodi, na sasa alisimama mlangoni kwa adabu akingoja kukaribishwa.

Nikatafsiri neno kwa neno. Meneja akacheka kwa upole, akasema hii ndiyo Texas, wangoje Agosti waone. Kisha akawashukuru. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajapata kuwa na wafanyakazi waliokuja wote kwa pamoja kumsalimia tu. Macho yake yalilowa kidogo. Watu wakatazamana. Wakapeana naye mikono, wakarudi kwenye mashine.

Wiki iliyofuata sanduku likafika. Ndani mlikuwa na kofia za buluu zenye ukingo mrefu na nembo ya kampuni, kila mfanyakazi na yake, za kuwakinga na jua. Watu wanaokaa kutwa nzima katika jengo lisilo na dirisha.

"Msomi," aliniita dada mmoja wa Nakuru anayeendesha mashine ya kupigia pasi, akiizungusha kofia kwenye kidole. "Hii inanikinga na jua gani? Ile ya mashine?"

"Nilitafsiri kila kitu alichosema," nilijitetea.

"Ulitafsiri, ama ulituitishia kofia?"

Wakaangua kicheko. Papa alicheka mpaka akakohoa, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuivaa yake. "Mutu akikupa zawadi unavaa," alisema. Dada wa Nakuru akaitumia ya kwake kujipepea, na kusema kweli kwa kazi hiyo ilifaa.

Nami nilicheka. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari langu wakati wa chakula, nikiwa nimewasha kiyoyozi, na nikaona aibu ya kiyoyozi chenyewe, nikakizima, nikaona huo nao ni upuuzi, maana jasho langu halimsaidii mtu, nikakiwasha tena.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba niliwahi kuandika tasnifu nzima juu ya watu waliokuwa katika hali kama hii. Ilihusu wakulima wa pamba wa Texas mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na wafanyakazi wa reli wa wakati huo huo. Niliichagua mada hiyo kwa sababu babu yangu alilima pamba Usukumani na alikuwa mwanachama wa ushirika, na nilipoanza kusoma nilikuta manung'uniko niliyoyasikia kwake: mfanyabiashara anakukopesha mbegu na unga kwa dhamana ya pamba ambayo haijachomoza ardhini, kisha ni yeye huyo huyo anayeipima na kutaja bei. Wakulima wale walikutana katika majengo ya shule za mashambani. Walikuwa na wahadhiri wao, wakulima wenzao, waliosafiri kutoka shule hadi shule wakieleza kwa nini mtu anafanya kazi mwaka mzima na bado anazama. Walikubaliana kuleta pamba yao yote uwanja mmoja, siku moja, ili mnunuzi azungumze na wote au asizungumze na yeyote. Walifungua hata ushirika mkubwa hapa Dallas wa kununua na kuuza kwa pamoja. Mabenki yakawanyima mikopo, ukafa.

Na wafanyakazi wa reli walipogoma, na wanamgambo wakaletwa Fort Worth ili treni zipite, wakulima hao walibishana. Sisi tuna mashamba, walisema baadhi yao, sisi si vibarua. Treni zikisimama pamba yetu itakwenda vipi sokoni? Mgomo huu unatuhusu nini? Wengine hawakungoja ubishi uishe. Walipakia chakula kwenye magari yao ya farasi wakawapelekea wagomaji.

Kurasa nyingi za tasnifu yangu zilihusu magari hayo. Siku ya kuitetea, mwalimu wangu aliniuliza, karibu kwa utani, "Na wewe ungepakia gari?" Nikamjibu kwa maelezo marefu kuhusu upungufu wa ushahidi.

Mwisho wa wiki ya kofia tulikwenda Houston. Mjomba wangu alikuwa anampelekea mwanawe posa, na mama mdogo, kama dada wa baba wa bwana harusi mtarajiwa, hangeweza kukosa. Yeye ndiye aliyeendesha. Anasema mimi nikiendesha namfikiria kila dereva mwingine. Tulipoiacha Dallas nyuma na mashamba yakaanza kufunguka pande zote, nikajikuta namsimulia habari za wakulima wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka yote ya chuo.

Alisikiliza kwa muda mrefu, mikono miwili kwenye usukani.

"Kwa hiyo walishinda?"

"Hawakushinda. Mgomo wa reli ulivunjika. Ushirika ulifilisika. Baadhi ya mambo waliyoyadai yalikuja baadaye sana, wengine wakiyachukua na kuyapitisha."

"Baadaye lini?"

"Wengi wao walikuwa wameshakufa."

"Mh! Na wewe ukapewa shahada kwa habari hizo." Akalipita lori. "Na watu weusi walikuwa wapi?"

"Walikuwepo. Chama cha wazungu kiliwakataa, wakaunda chao, huku huku tunakokwenda, mashariki ya hii barabara. Na wao walipothubutu kugoma, waliadhibiwa vibaya kuliko wote."

"Kwa hiyo hata walioonewa walikuwa na watu wao wa kuwaacha nje."

"Ndiyo."

"Najua kwa nini unanihadithia," alisema. "Usinifanye mtoto. Unataka kwenda kumsemea Papa. Nisikilize, mwanangu. Mimi joto nimelizoea. Usiniharibie Plano."

Akaweka nyimbo za kwaya, zikatufikisha mpaka taa za kwanza za Houston.

Posa ilifanyika kesho yake mchana, katika nyumba ya wazazi wa binti, ghorofa ya juu kabisa ya jengo la kupanga. Viatu vilirundikana mlangoni. Tulikaa tumebanana, sisi upande wa dirisha, wao upande wa jiko, harufu ya pilau ikituzunguka sote bila ubaguzi. Mjomba alikaa katikati yetu na suti yake, mkimya, mikono juu ya magoti. Ndivyo inavyotakiwa. Baba wa kijana hasemi. Mwenye kusema ni mshenga, na mshenga wetu alikuwa nesi mmoja wa kiume, rafiki wa familia, mwenye kitambi na sauti nzito.

"Tulikuwa tunapita hapa," alianza, "tukaona ua zuri sana katika bustani yenu."

"Bustani gani?" baba wa binti aliuliza, amekaza uso. "Sisi tunaishi ghorofa ya tatu."

"Labda wamekosea namba ya mlango," akadakia shangazi wa binti kutoka jikoni. "Jaribuni jirani. Yeye ana mchicha."

Watu wakacheka, na mama mdogo akacheka kuliko wote. Mshenga alizunguka kidogo zaidi, kwa heshima ya mchezo, kisha akajiweka sawa kwenye kiti.

"Basi niseme wazi," alisema, "maana ndicho nilichotumwa."

Akasema wazi. Kijana ni yupi, binti ni yupi, wametaka nini. Hakuna aliyemwona mkosefu wa adabu. Mjomba hakuwa amefungua mdomo, heshima yake ilikuwa pale pale juu ya magoti yake, na jambo lilikuwa limeshafika.

Nilikuwa nimeshika sinia la vitafunio. Nililishika hivyo hivyo mpaka mtu akanipokonya. Sisi tulimtuma mzee bila mshenga! Papa hakukosea hata neno moja. Alibisha hodi kama inavyobishwa, akangoja, ila upande wa pili hapakuwa na mtu anayejua kwamba sasa ni zamu yake kuuliza bustani gani. Na mimi, mtu pekee mle ndani aliyejua hodi ile ina maana gani, nilikuwa nimekaa kando ya mwenye nyumba. Mkalimani hana mdomo wake. Mshenga anao, na hupewa na waliomtuma.

Nisingekuwa mimi kama ningeamua hapo hapo. Njia nzima ya kurudi niliwaza. Niliwaza kwamba wao hawajanituma. Niliwaza kwamba mtu wa kiyoyozi hana haki ya kuzungumzia feni. Niliwaza kwamba labda nataka tu kuwa mtu aliyepakia gari, ili nijisikie vizuri, na hiyo si sababu njema. Kisha nikawaza kwamba mkate uliopelekwa kwa sababu isiyo njema bado ni mkate. Na niliiwaza Plano, kwa uchungu kuliko nilivyotarajia, maana niliitaka. Niliitaka kwa ajili yangu pia.

Jumatatu, wakati wa chakula, nilimfuata Papa alipokuwa amekaa juu ya mkokoteni uliopinduliwa, kofia ya buluu kichwani.

"Papa, kwenu mkienda kuomba mke, nani anasema?"

Akanitazama. "Muzee anasalimia. Halafu kuko mwenye anasema."

"Tulimpeleka mzee peke yake."

Alifikiri, kisha akaanza kucheka polepole. "Unataka kusema?"

"Naomba mnitume. Mkiona nafaa. Wewe usalimie."

"Nitasalimia," alisema. "Nitasalimia sana."

Akawaita wengine. Dada wa Nakuru aliniuliza kama safari hii ninaagiza glavu za theluji. Baada ya hapo akawa ndiye aliyesema mambo ya maana kabisa: tuombe nini, kwa utaratibu gani, na kwamba nisijitie kusema chochote ambacho hawakukubaliana. Wakanituma.

Mama mdogo nilimwambia kwenye maegesho ya magari, jioni, kabla hajawasha gari.

"Na Plano?"

"Sijui."

Aliutazama ukuta wa kiwanda kwa muda. Niliona anaikunjua ile nguo ya Krismasi, anaiangalia, anaikunja upya.

"Vaa viatu vya kufunga," alisema hatimaye. "Huwezi kwenda kusema mambo ya watu na vindala hivyo."

Kwa meneja nilikwenda siku moja kabla. Sikutaka ashtukizwe. Nilimwambia wafanyakazi wanaomba kikao tena, na kwamba safari hii sitaweza kukaa kando yake, kwa kuwa nitakuwa nazungumza kwa niaba yao. Akitaka mkalimani wake, ipo huduma ya kutafsiriwa kwa simu. Alivua miwani. Hakukasirika, hakutaja Plano. Aliniuliza tu kama nina hakika.

"Hapana," nilimjibu, na ilikuwa kweli. "Lakini nitakaa kule."

Siku ya kikao meza ilikuwa ile ile. Kiti changu kilikuwa kimewekwa kando ya meneja kama kawaida. Mtu alikiweka kwa mazoea. Nilikinyanyua. Kilikuwa cha chuma, kikagonga mguu wa meza, na wote wakageuka. Nikazunguka nacho mpaka upande wa pili, nikakiweka kati ya Papa na mama mdogo. Mama mdogo alisogeza goti lake kunipisha.

Papa alisimama akasalimia. Alisalimia sana. Aliuliza habari za mke, za watoto, za goti la mama, na akashukuru kwa kofia, iliyokuwa kichwani mwake. Nikayatafsiri yote, bila kupunguza wala kuongeza, na meneja akayajibu moja moja, lakini sasa alikuwa ananitazama mimi. Papa akateremsha sauti, akasema jua iko kali. Kisha akanigeukia na kuketi.

Nikasimama. Viatu vya kufunga, namshukuru mama mdogo, vilinishika.

Nikamwambia kwa Kiingereza chepesi kwamba hayo yalikuwa maneno ya mzee wetu, na haya ninayosema sasa ni yetu sote, na mimi ni mmoja wao kwa sababu nafanya kazi hapa. Nikasema jua analolitaja mzee liko ndani ya jengo hili, nyuma ya mashine za kukaushia. Nikasema tunataka feni zitengenezwe. Tunataka mapumziko ya maji yarudi, yale mawili, kama yalivyokuwa. Nikasema mwenzetu alianguka, na nikamwonyesha kwa mkono alipokaa.

Kisha nikanyamaza, nikabaki nimesimama, ili safari hii yeye ndiye aulize.